Kipungani: Nazi, Kamba na Siri ya Kishindo

UKIONDOKA gatini katika mji wa Lamu ukakizunguka kisiwa kwa upande wa kaskazini, ukaipita Matondoni ya wajenzi wa majahazi, mkondo huanza kukubana. Kushoto kwako ni kisiwa, kulia ni bara, na pande zote mbili mikoko imeinamia maji kana kwamba inasikiliza mazungumzo ya abiria. Nahodha atakuwa ameuliza hali ya maji kabla ya kung'oa nanga, maana yakishatoka sana humu hamna njia. Endelea hadi pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa. Hapo ndipo ilipo Kipungani.

Jina lenyewe ni la starehe. Linatokana na kupunga, yaani kupunga upepo, na wewe msomaji uliyezoea moshi wa River Road au joto la Kariakoo utakubali kwamba waliolitunga hawakukosea. Kijiji ni kidogo: nyumba za makuti, minazi, mchanga, na mashua zilizolala ubavu zikisubiri maji yajae.

Watalii wengi huja Lamu kutazama milango ya nakshi na vichochoro vya mji mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, kisha wakarejea makwao bila kufika huku. Nakushauri ufike, na sababu yangu si upepo peke yake. Kipungani ni mahali ambapo unaweza kujifunza, kwa macho na kwa mikono, somo ambalo vyuo vikuu hununulia mitambo ya bei ghali. Somo hilo ni hili: kitu kilichoguswa polepole na kitu kilichopigwa ghafla si kitu kimoja, hata kama ni kile kile.

Hebu tuanze jikoni. Kipungani inajulikana kwa kazi za kusuka: mikeka, vikapu, kofia na vifumbu. Ikiwa wewe ni kijana ambaye tui kwako hutoka katika pakiti ya dukani, kifumbu ni mfuko mwembamba uliosukwa kwa miyaa au ukindu. Hutiwa nazi iliyokunwa, ukasokotwa na kukamuliwa mpaka tui litoke. Kazi yake ni ya polepole. Mama anayekamua huongeza nguvu kidogo kidogo, na msuko unanyooka, unabana, unapumua. Ukiukaba kwa pupa, tui litaruka mahali pasipotakiwa na kukuchafua nguo.

Sasa chukua nazi yenyewe, nzima, kama ilivyodondoka mtini. Ina kumbi nje, kifuu ndani ya kumbi, na nyama ndani ya kifuu. Jaribu kuipiga kumbi kwa nyundo. Utapiga mpaka uchoke; nyundo inadunda na kumbi inabonyea tu. Ndiyo sababu watu wa pwani hawaipigi. Wanasimika kifuo, ule mti uliochongoka, wanaichoma nazi juu yake na kuisokota taratibu mpaka kumbi ibanduke. Nguvu ya polepole, na kumbi inasalimu amri.

Baada ya kumbi kutoka kimebaki kifuu, na hapa mambo yanageuka. Kiminye kwa viganja vyote viwili, hata uketi juu yake, hakitikisiki. Lakini mpishi anakishika kwa mkono mmoja, anakigonga kiunoni kwa kisogo cha panga, ko, ko, na mara kimegawanyika vipande viwili. Nguvu aliyotumia ni ndogo kuliko ile ya kukikalia. Ilichokuwa nayo ni kasi.

Kumbi hushindwa kwa polepole, kifuu hushindwa kwa ghafla. Nani aliyeifundisha nazi kuvaa nguo mbili za namna hiyo, tena moja juu ya nyingine? Jibu liko juu kabisa ya mnazi. Tuseme mnazi una urefu wa mita 20. Nazi ikichomoka huko juu hufika chini kwa muda wa sekunde 2 hivi, ikiwa na kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa. Hiyo ni kasi ya matatu kwenye barabara kuu. Ikiangukia mwamba ikiwa haina kumbi, italazimika kusimama katika nafasi ya milimita moja au mbili, na nguvu itakayoipata itakuwa zaidi ya mara 10,000 ya uzito wake. Kifuu hakiwezi. Lakini kumbi ikibonyea sentimita 4, nguvu hiyo inashuka hadi mara 500 tu. Hesabu si ngumu, mwanafunzi, na unaweza kuirudia katika daftari lako: gawanya urefu wa anguko kwa umbali wa kusimama. Kila unapouongeza umbali wa kusimama, kishindo kinapungua.

(Na kwa sababu hiyo hiyo, usitandike mkeka wako chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa. Kichwa chako hakina kumbi.)

Wajerumani wameliona jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, walioeleza kazi yao mwaka 2016, waliziweka nazi katika mitambo ya kuminya na ya kugonga ili kujua ufa unapita wapi. Walikuta kwamba vijifereji vilivyo ndani ya ukuta wa kifuu vimepangwa kwa namna inayoupotosha ufa njia, ukalazimika kukata kona nyingi kabla ya kutokeza upande wa pili. Nia yao ilikuwa kujifunza namna ya kujenga kuta za zege zinazostahimili matetemeko na vifusi. Mpishi wa Kipungani hahitaji mitambo kujua kwamba kifuu hakipasuki popote upendapo. Yeye anajua mahali pa kugonga.

Kwa hiyo wataalamu hupimaje kishindo? Hapa naomba uniruhusu nikutoe kijijini kwa dakika chache.

Kipimo kilicho mashuhuri zaidi ni cha Mfaransa Georges Charpy, aliyekieleza mwaka 1901. Ni nyundo nzito inayoning'inia kama pembea. Huinuliwa, ikaachiwa, ikashuka kwa kasi ya kama mita 5 kwa sekunde na kukivunja kipande cha chuma kilichokatwa mfuo katikati. Kisha hutazamwa imepanda hadi wapi upande wa pili. Ikipanda sana, chuma hakikuila nguvu yake; kimevunjika kama biskuti. Ikipanda kidogo, chuma kimeimeza. Mtambo huu wapatikana katika idara nyingi za uhandisi, na ukiwa na kijana chuoni mwambie akuonyeshe.

Lakini Charpy anakuambia tu kiasi cha nguvu kilicholiwa, hakuambii yaliyotokea ndani ya kile kipande katika kufumba na kufumbua. Kwa hilo kuna jamaa wa ukoo mmoja wa Uingereza. John Hopkinson, mwaka 1872, alifunga waya wa chuma juu, akadondosha uzani ulioteleza kando ya waya huo mpaka ukagonga kizuizi cha chini. Mtu angetarajia waya ukatike pale chini ulipogongwa. La hasha! Mara nyingi ulikatika juu, mahali ulipofungwa. Sababu ni kwamba kishindo hakimo mahali pamoja; kinasafiri ndani ya chuma kama wimbi, na kikifika mahali palipokazwa kinarudi nyuma na kujiongeza. Ndani ya chuma cha pua wimbi hilo hukimbia karibu mita 5,000 kwa sekunde.

Mwanawe, Bertram Hopkinson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitumia fimbo ndefu ya chuma mwaka 1914 kupima kishindo cha risasi na cha baruti. Yeye mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1918. Mwaka 1949 Herbert Kolsky akaikata fimbo hiyo mara mbili na kuweka katikati kipande kidogo cha kitu anachotaka kukipima, mfano wa sarafu. Fimbo ya kwanza ikigongwa, wimbi linapita katika sarafu hiyo na kuingia fimbo ya pili, na kwa kulilinganisha wimbi lililorudi na lililopita, inajulikana kipande kilisukumwa kwa nguvu gani na kikabonyea kiasi gani. Yote hayo huisha kabla ya sehemu ndogo ya elfu ya sekunde kupita. Hadi leo maabara za dunia hupima kwa njia hiyo chuma cha magari, zege, plastiki, na hata mifupa.

Na kasi kubwa zaidi ya hiyo? Ukisafiri kwa basi kutoka Mombasa kuja Lamu utapita Malindi, na baharini karibu na hapo ndipo palipokuwa na jukwaa la San Marco la Waitaliano, ambalo roketi ziliruka kutoka kwake kati ya miaka 1967 na 1988. Setilaiti iliyopewa jina la Uhuru iliondoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Huko juu, chembe ya uchafu huja kwa kilomita 7 na zaidi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hata punje ya rangi iliyobanduka huchimba shimo. Dawa iliyopendekezwa na Mmarekani Fred Whipple mwaka 1947 ni kuweka bati jembamba mbele ya ukuta wa chombo, nafasi ikiachwa katikati. Chembe inalipiga bati, inasambaratika, na vumbi lake linaufikia ukuta likiwa limetawanyika. Yaani wamekivisha chombo cha angani kumbi.

Turudi Kipungani.

Yale makumbi yaliyobanduliwa hayatupwi. Pwani yote, toka Lamu hadi Mafia, makumbi hufukiwa katika matope ya bahari kwa miezi, yakalainika, yakafukuliwa na kupigwa kwa kirungu mpaka nyuzi ziachane. Nyuzi hizo ndizo usumba, na usumba ukisokotwa ni kamba. Ishike kamba hiyo. Ni ya kukwaruza, haipendezi mkononi, na kusema kweli si kamba yenye nguvu sana. Ukiivuta polepole ukaishindanisha na ya katani, yenye unene ule ule, katani itashinda bila wasiwasi. Muuza kamba wa Tanga atakucheka.

Ila asicheke mapema. Uzi wa katani hukatika kabla haujarefuka hata kwa asilimia 10. Uzi wa makumbi huweza kurefuka zaidi ya asilimia 15, mara nyingine hata kupita 30, ndipo ukatike. Sasa funga kamba zote mbili darini, udondoshe jiwe lililofungiwa mwisho wa kila moja, kama alivyofanya Bwana Hopkinson na waya wake. Kamba ya katani inakataa kunyooka, kishindo chote kinaishukia mara moja. Kamba ya makumbi inanyooka, inalipa jiwe nafasi ya kusimama, na kilichoikosesha ushindi katika kuvuta sasa ndicho kinachoiokoa. Jaribio hili lafanyika nyumbani, wazazi, mradi watoto wasimame mbali na miguu yao iwe na viatu.

Na jambo hilo, msomaji, lilikuwa suala la kufa na kupona katika maji haya.

Kwa karne nyingi visiwa vya Lamu vilikuwa na chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilitobolewa kingoni, zikashikizwa kwa vijiti na kushonwa kwa kamba za makumbi, na matundu yakazibwa. Omo yake ilinyanyuka kama shingo ya ngamia. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, msuko wa ukoo mmoja na mikeka unayoiona leo barazani Kipungani. Chombo kizima, ukikitazama vyema, kilikuwa kazi ya mnazi, ya msitu na ya msusi wa mikeka.

Kushona vyombo hakukuanza jana. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza aliyeandika habari za biashara ya Bahari ya Hindi alivitaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu, na soko la Rhapta lililokuwa kusini mwake lilipewa na Wayunani jina lenye maana hiyo hiyo ya kushona. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu ya kushona kwa kamba za makumbi: bahari hii imejaa miamba, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hunepa na kusalimika. Huyo hakuwa mhandisi, alikuwa kadhi na msafiri. Lakini alilolisema ndilo lile lile Charpy alilokuja kulipima kwa nyundo yake miaka zaidi ya 500 baadaye.

Tuliweke katika hesabu. Chombo chenye uzito wa tani 10 pamoja na shehena, kikienda mita 3 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa tanga lenye upepo mzuri, hubeba nguvu ya mwendo sawa na gari dogo la tani moja linalokwenda kilomita 34 kwa saa. Kikigonga mwamba kikasimama katika sentimita moja, nguvu ya kishindo ni kama uzito wa tani 460. Kikipata sentimita 30 za kunepa, kuteleza na kujikunja, ni kama tani 15. Tofauti ya 460 na 15 ni tofauti ya watu kuogelea usiku na watu kuziba mahali panapovuja wakaendelea na safari.

Kuna jambo jingine la mshono ambalo wahandisi wa meli walilijua kwa hasara. Tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta ya Kimarekani iitwayo Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili huko Portland, Oregon, ikiwa imetulia gatini, bila wimbi wala adui. Ilikuwa mpya. Katika vita ile meli zilikuwa zikiungwa kwa kuchomelea badala ya ribiti, ili zitoke kwa haraka, na chuma cha wakati huo kilikuwa kikipoteza ustahimilivu kwenye baridi. Constance Tipper wa Cambridge ndiye aliyeonyesha kwamba kosa kubwa lilikuwa la chuma chenyewe. Ila kuchomelea kuliufungulia ufa barabara: katika meli ya ribiti, ufa ukifika ukingo wa bati unakwama, katika iliyochomelewa, meli nzima ni bati moja. Mtepe, kwa mishono yake, ulikuwa na maelfu ya mahali pa kuukwamisha ufa.

Je, nakuambia kwamba mababu walikuwa na chombo kisicho na kasoro? La. Marco Polo alivikuta vyombo vya kushonwa huko Hormuz akaviona ni vya hatari, na hakukosea kabisa. Mtepe ulivuja. Mabaharia waliyateka maji ya ngama bila kupumzika, na mishono ilihitaji kurudiwa mara kwa mara. Mawimbi ya kila siku, yale ya polepole yasiyoisha, yaliichosha kamba. Msumari uliposhinda, ulishinda kwa haki, maana jahazi la misumari hubeba zaidi na hukauka zaidi. Kila mtu huchagua kishindo anachokiogopa.

Kuna msemo kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Mimi msemo huo siukubali sana. Ukimtazama fundi wa jahazi kazini, Matondoni au pengine popote kisiwani, hutaona mtu aliyeiachia bahati kazi yake. Hapigi msumari katika ubao mkavu mpaka atangulize keekee kutoboa njia, maana bila ya hivyo ubao utachanika kufuata nyuzi zake. Mataruma huyachonga kutoka matawi yaliyozaliwa yamepinda, aghalabu ya mlilana, ili nyuzi za mti zifuate mpindo na kishindo kisipate pa kuukata. Nyundo yake ya nusu kilo, ikishuka kwa mita 6 kwa sekunde na kuuzamisha msumari nusu sentimita, husukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 180 hivi. Yeye mwenyewe pengine hafiki kilo 70.

Na mti ni rafiki wa pigo la ghafla, jambo ambalo wengi hawalijui. Ubao ukibebeshwa mzigo kwa miaka 10 huweza kuvunjika kwa karibu asilimia 60 tu ya mzigo ambao ungeuhimili katika jaribio la dakika chache. Kwa pigo la mara moja huhimili zaidi hata ya hapo. Ndiyo maana rafu ya vitabu nyumbani kwako inazidi kupinda kila mwaka, wakati jahazi kuukuu linagonga gati kila siku na bado linaelea.

Siku hizi mambo yanabadilika tena. Katika mkondo ule ule ulioupita utaona boti za faiba zikikupita kwa mashine mbili nyuma, mwendo mara nne wa jahazi. Mwendo ukizidi mara nne, kishindo cha tani ile ile huzidi mara 16. Faiba ni nyepesi na haivuji, lakini ina tabia moja ya hila: ikigongwa huweza kuachana matabaka yake kwa ndani, huku nje ukaona mkwaruzo tu. Ubao uliovunjika unajieleza wenyewe. Faiba hunyamaza, na siku ya pili inapogongwa ndipo inapotoa siri. Kofia ya bodaboda nayo ina tabia hiyo. Povu lake la ndani ni kumbi ya mara moja; likishabonyea kwa ajali limekwisha kazi, hata kama ganda la nje linang'aa. Baba unayemvisha mwanao kofia iliyonunuliwa mitumbani, huwezi kujua ilishaangukia nini.

Plastiki nayo imeingia. Hapa hapa Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, mjenzi wa majahazi wa Lamu, walitengeneza jahazi liitwalo Flipflopi kwa zaidi ya tani 10 za plastiki iliyookotwa, likavishwa ndara 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kama kilomita 500 hadi Zanzibar. Wengi walilipenda kwa rangi zake. Mimi nililopenda ni swali lililowakabili mafundi: ubao wa plastiki si ubao. Hauna nyuzi za kufuata, hulegea juani, hurefuka ukivutwa taratibu, na ukipigwa ghafla hukaza. Tazama beseni lako la kufulia: likiwa jipya unalikanyaga linarudi, likishakaa juani miaka miwili, likidondoka mara moja linapasuka. Mafundi wenye ujuzi wa mti wa vizazi vingi walilazimika kujifunza upya kitu kinachofanya nini kinapogongwa.

Walijifunza kwa sababu walikuwapo. Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu mtepe. Katika Makumbusho ya Lamu utauona mfano wake mdogo, na Zanzibar ulijengwa mmoja wa ukubwa kamili uliowekwa ndani ya Beit-el-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. James Hornell, Mwingereza aliyeandika makala kuuhusu mwaka 1941, alikuwa akiandika habari za chombo kinachotoweka. Mengi tunayoyajua leo kuhusu mshono wa mtepe yanatokana na mifano midogo, picha za zamani na maandishi ya wageni. Kamba ilikazwa kiasi gani ili isivuje sana na bado inepe? Kipimo hicho kilikuwa mikononi mwa watu, na watu hao hawapo.

Lakini kamba ipo, na msuko upo. Wewe mwanafunzi wa uhandisi wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam unayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, kwa nini uende kupima kipande cha chuma ambacho kimepimwa mara milioni? Njoo na mfuko mtupu. Rudi na kamba ya makumbi, kipande cha mkeka, ubao wa mbambakofi na kumbi zima. Shona mbao mbili, pigilia nyingine mbili, uzipeleke chini ya nyundo.

Ukiamua kuja, usafiri ni rahisi kuliko unavyodhani. Kuna ndege za kushuka Manda, au mabasi hadi Mokowe kupitia Malindi na Witu, kisha mashua hadi mjini Lamu. Kutoka hapo patana na nahodha mapema na umwachie yeye kuchagua saa, kwa kuwa hapa saa ni ya maji, si ya mkononi. Wenye miguu imara huweza kufuata ufuo kutoka Shela, lakini ni mwendo wa saa kadhaa juani, na watoto wataanza kulia kabla ya nusu ya njia. Wakati wa kusi bahari ya nje ni chafu. Kaskazi ni tulivu zaidi. Vaa nguo za heshima. Ukifika kijijini usianze kupiga picha. Piga hodi kwanza. Mwambie mzee uliyemkuta barazani, "Shikamoo, mzee," naye akikujibu, "Marahaba, mwanangu, karibu," keti kidogo kabla ya kuuliza bei ya chochote. Kifumbu kikununue kabla hujakinunua: kishike, kisokote, uone kinavyonyooka na kurudi.

Na nahodha akikuita nyanyuka mara hiyo hiyo, hata kama chai haijapoa. Maji ya mkondo wa Kipungani yakishaanza kutoka hayamngoji mtu, na usiku wa kukwama katikati ya mikoko ni mrefu, na mbu wake hawana mchezo.